Kofia ya shaba na sauti za wazazi

Kwa siku tatu za mwezi wa saba, kipindi chetu cha jioni cha kutafuta jamaa waliopotezana kilikatika katikati, na siku moja hakikusikika kabisa. Wasikilizaji wa Bulengo na wa Kanyaruchinya walituma ujumbe, wengine walikuja kwa miguu. Mmoja aliuliza kama wakubwa wametufunga. Mwingine alisikia kwamba tumekosa mafuta ya jenereta. Wa tatu alikuwa na hakika kwamba tumeanza kulipisha pesa kwa kila jina, na wale wasiolipa ndio wanaokatwa. Hakuna hata moja lililo kweli. Ordinateri ya studio ilikuwa inazima kwa sababu ya joto. Nilipojibu hivyo kwa kifupi, maswali yakazidi: joto gani, katika Goma hii ambako usiku tunajifunika blanketi mbili? Basi leo naeleza kwa urefu, kwa sababu habari hii ina mambo mengi ndani yake, na kwa sababu uvumi ule wa pesa umeumiza watu.

Ordinateri yetu ni ya okazo. Ilinunuliwa Birere kwa dola 110, kisanduku cheusi cha ofisi, na prosesa yake ni Core i5-2400 ambayo Intel iliitoa mwaka 2011. Kwa kazi ya redio ndogo inatosha. Inapiga muziki, inarekodi, na inatunza orodha yetu: jina la mtoto, umri, kijiji, mahali alipoonekana mara ya mwisho, alivaa nini, nani anamtafuta. Watu wengi walituambia, si msome tu kwenye karatasi, ordinateri ya nini? Kusoma tunasoma. Lakini kipindi hiki kinapiga sauti ya mzazi mwenyewe iliyorekodiwa. Mtoto wa miaka mitano pengine hajui jina la eneo lake, wala jina kamili la baba yake. Sauti ya mama yake anaijua. Sauti hizo zote zilikuwa ndani ya kisanduku kile, na kisanduku kilikuwa kinazima.

Prosesa ni kile kipande kinachofanya hesabu zote za ordinateri. Hii yetu, ikifanya kazi kwa nguvu yote, inaweza kutoa joto la wati 95. Wenye kukumbuka taa za zamani za wati 60 watanielewa: ni joto la taa moja na nusu likitoka kwenye kipande kidogo kama ukucha wa kidole gumba. Joto hilo lisipoondolewa haraka, prosesa inakaribia nyuzi 100 na kuanza kupunguza mwendo yenyewe. Likizidi hapo, inazima ghafla ili isiungue. Ndivyo ilivyokuwa siku ya kwanza. Mtangazaji alikuwa ametaja jina la msichana wa miaka 9 wa Kitshanga, akabonyeza ili sauti ya baba isikike, na kioo kikawa cheusi.

Kijana wetu wa mitambo, ambaye ana akili nyingi na usingizi kidogo, alikuwa na dawa yake tayari. Alikuwa ameona video za watu wa Ulaya wanaofungua prosesa. Juu ya prosesa kuna kofia ya shaba iliyopakwa nikeli, ndiyo maana inang'aa kama fedha. Kazi ya kofia ni mbili: kulinda kipande cha silisiumu kilicho chini yake kisivunjike, na kusambaza joto ili lipande kwenye radiateri, yale mabawa ya chuma yenye feni. Kati ya silisiumu na kofia kuna kitu kinachounganisha. Katika prosesa nyingine ni pasta ya kijivu inayofanana na dawa ya meno. Pasta ikikauka, joto linakwama pale chini. Watu wanang'oa kofia, wanafuta pasta, wanaweka metali ya maji, wanarudisha kofia, na joto linashuka nyuzi 10, hata 20. Kijana alishapata sindano ndogo ya metali hiyo kutoka kwa kaka yake aliyepita Dubai. Aliitunza mfukoni kama hirizi.

Tulifunga kisanduku katika kikwembe, tukakipeleka Birere kwa moto kwa fundi mmoja mzee ambaye watu wengi wa mji wanamjua. Jina lake sitaliandika, hapendi. Chukudu ingekuwa rahisi zaidi, lakini barabara zetu za mawe ya volkano zingemaliza kile ambacho joto halijamaliza.

Kijana alieleza mpango wake. Fundi alimwacha amalize.

“Kofia ya hii imeshikwa na nini?” aliuliza.

“Na pasta, Papa.”

“Nani alikuambia?”

Kijana akakaa kimya. Na hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo sikulijua. Prosesa zinafanana kwa juu, lakini chini ya kofia hazifanani. Zile za Intel za 2011, kama yetu, kofia yake imelehemiwa. Zile zilizofuata mwaka 2012 ziliwekewa pasta, na kwa prosesa za kawaida za mezani hali ilibaki hivyo mpaka 2018, walipotoa Core i9-9900K na kurudi kwenye lehemu. AMD nao, Ryzen zao nyingi za mezani tangu 2017 zimelehemiwa. Video za kijana karibu zote zilikuwa za prosesa za miaka ile ya pasta. Kuna Mjerumani anayejulikana kwa jina la der8auer ambaye alitengeneza hata kifaa maalumu cha kusukuma kofia mpaka iachie. Kwa pasta, kifaa kile kinafanya kazi safi. Kwa lehemu, ni hadithi nyingine.

Lehemu hiyo si ile ambayo mafundi wetu wanayeyusha kila siku kwenye redio na simu. Ile ya kila siku sehemu yake kubwa ni bati. Hii ni indiumu, metali laini sana, laini kiasi kwamba ukiikwaruza kwa ukucha inaacha alama. Inayeyuka kwenye nyuzi 157 hivi, wakati bati tupu linangoja mpaka 232. Waliichagua kwa sababu ya ulaini wake. Shaba ikipata joto inatanuka kama mara sita zaidi ya silisiumu. Ukiunganisha hizo mbili kwa kitu kigumu, siku moja shaba itavuta na silisiumu itapasuka, maana silisiumu haipindi, inavunjika kama kioo. Indiumu inakubali kuvutwa huku na huku. Tena inapitisha joto mara nyingi kuliko pasta yoyote. Kwa hiyo mtu aliyelehemiwa kofia tayari ana kitu kizuri chini yake. Hata wale waliofungua 9900K na kuweka metali ya maji walipata nyuzi chache tu, na nyingine walizipata kwa kuisugua silisiumu yenyewe ipungue unene. Hiyo ni michezo ya watu wenye prosesa ya akiba.

Kijana hakukubali. Na mimi sikumlaumu. Alikuwa amesikia wale wazazi wakirekodi, yeye ndiye anayewashikia maikrofoni. Alisema tukikaa tunaongea historia, kesho tena kipindi kitakatika.

Fundi akafungua droo akatoa prosesa mbili zilizokufa, za familia ileile ya 2011, zilizotoka kwenye ordinateri zilizounguzwa na umeme uliopanda ghafla. Akasema: “Fungua hizi. Kupasua maiti ni shule, kupasua mgonjwa ni kazi.”

Ya kwanza kijana aliifungua kwa njia ya video. Alipitisha wembe kuzunguka kofia yote, kukata ile gundi nyeusi inayofanana na mpira. Sehemu hiyo aliifanya vizuri sana, kwa subira. Wembe ukiingia ndani mno unakata nyuzi nyembamba zilizo ndani ya ubao wa kijani, na hapo hakuna fundi duniani wa kukusaidia. Kiisha akabana ubao kwenye jiriwa, akaweka kipande cha mti kwenye ukingo wa kofia, akagonga. Mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, kimya. Mara ya tatu tulisikia mlio mdogo mkavu, kama mtu aliyevunja biskuti ndani ya mfuko. Kofia ilitoka. Nusu ya silisiumu ilitoka nayo, imeshikamana na shaba kana kwamba imeoteshwa pale. Nusu nyingine ilibaki kwenye ubao, imechanika. Gundi tulikuwa tumeikata, lakini lehemu haikuwa imeguswa na chochote.

Ya pili aliifanya fundi mwenyewe. Wembe kwanza, vilevile. Halafu akaifunga kwa waya mwembamba, kofia ikitazama chini, juu ya kipande cha ubao. Akachukua bomba la hewa ya moto ambalo mafundi wa simu wote wa Birere wanalo, akagusisha waya wa kupima joto kwenye shaba, akaanza kupuliza polepole kwa mzunguko. Nyuzi 90. Nyuzi 120. Gundi iliyobaki ikaanza kutoa harufu kali. Kwenye 150 aligusa kofia kwa koleo, haikutikisika. Kijana alitaka kuvuta. “Acha,” fundi alimwambia, “chuma kinajua saa yake.” Kwenye 157 bado, maana joto la juu ya shaba si joto la ndani. Ilipofika 165 hivi kofia ilianguka yenyewe, kwa uzito wake tu, ikalia tok juu ya ubao.

Ndani kulikuwa kunang'aa. Indiumu ilikuwa imetandazika kwenye shaba kama bati lililomwagika, na upande wa pili silisiumu ilikuwa nzima, mstatili mdogo wenye utando wa kijivu. Tuliitazama sote bila kusema. Nakiri niliona uzuri pale, na sikutegemea kuona uzuri kwenye kitu kilichokufa.

Wakati huo tulikuwa na mgeni. Baba wa yule msichana wa Kitshanga alikuwa amekuja studio kutoka Bulengo kuuliza kwa nini sauti yake haikupigwa. Mlinzi alimwelekeza Birere, akatukuta. Alisimama mlangoni muda mrefu, amekunja mikono. Kabla ya vita alikuwa mchimbaji huko Rubaya, alichimba koltani kwa miaka mingi. Aliposikia tunataja metali, alisogea.

“Mwandishi,” aliniita, “mawe yetu yako wapi hapo?”

Swali hilo nimeulizwa mara nyingi katika kazi hii, na mara nyingi wanaouliza wanataka siasa. Yeye alitaka kuonyeshwa kwa kidole. Kwa hiyo fundi na mimi tulimwonyesha kadiri tunavyojua. Bati ndilo lililoshika karibu kila kitu kwenye ubao mama. Tangu Ulaya ilipokataza risasi katika vifaa vingi vya umeme mwaka 2006, lehemu za viwandani zimekuwa bati kwa sehemu kubwa, na bati linatoka kwenye kasiterite, kama ile ya Bisie kule Walikale. Tantali, inayotoka katika koltani aliyoichimba yeye, inatumika katika vikopo vidogo vya kutunza umeme, hasa kwenye simu na vifaa vidogo. Chini ya prosesa kuna vidoa vingi vya rangi ya dhahabu, na hiyo ni dhahabu kweli, imepakwa nyembamba sana. Hata juu ya silisiumu huwekwa utando wa dhahabu ili indiumu ishike. Kofia ni shaba, na shaba nchi yetu inatoa nyingi, kule Katanga. Lakini kama shaba ya kofia hii ilitoka Kolwezi au Chile, hakuna anayeweza kuitazama na kusema. Ikishayeyushwa na kuchanganywa, metali haina kijiji.

“Na hii laini?” aliuliza, akigusa indiumu kwa ukucha.

Hiyo si yetu, nilimwambia. Inapatikana kidogokidogo wakati wa kusafisha zinki, na nyingi inatoka China na Korea ya Kusini.

Alicheka kidogo. “Basi kumbe kuna kitu kimoja ambacho hawakukifuata kwetu.”

Fundi alimpa kofia ile iliyoanguka. Aliipima mkononi, juu chini, kama wachimbaji wanavyopima jiwe, akasema ni nzito kwa umbo lake. Halafu akarudi kwenye lake: “Sauti yangu mtaipiga lini?”

Hapo ndipo fundi alipoweka kisanduku chetu mezani. Jambo la kwanza alilofanya halikuwa kugusa prosesa. Alichomoa diski, akaiunganisha kwenye ordinateri yake, akanakili orodha na sauti zote kwenye kle USB mbili. Alitueleza, na ninawaandikia nyinyi wote wenye picha za familia kwenye ordinateri za zamani: prosesa haitunzi kitu. Ikifa, majina hayafi. Majina yako kwenye diski. Tulikuwa tumehangaika siku tatu kwa hofu kwamba tutapoteza sauti za wazazi, na kumbe hofu hiyo ilikuwa kwenye kipande kisichohusika. Wakati nakala ikiendelea, fundi alitwambia sasa tunaweza hata kuichoma prosesa tukitaka. Kijana hakucheka.

Kiisha akawasha ordinateri ikiwa wazi. Baada ya dakika chache programu ilionyesha prosesa iko nyuzi 94. Fundi akaweka mkono wake kwenye mabawa ya radiateri, akamwambia baba wa Kitshanga naye aweke. Radiateri ilikuwa vuguvugu tu, kama kikombe cha chai kilichosahauliwa. Joto lilikuwa linazaliwa lakini halifiki juu. Kuna mahali mawili linapoweza kukwama: chini ya kofia, kati ya silisiumu na shaba, au juu ya kofia, kati ya shaba na radiateri. Kijana alikuwa amejipeleka moja kwa moja kwenye mahali pa chini, palipofungwa kwa lehemu. Fundi alitaka kuanza na mahali pa juu, panapofunguka kwa mkono.

Alizima, akang'oa radiateri. Ilikuwa imeshikwa kwa miguu minne ya plastiki inayobanwa kwenye matundu ya ubao mama. Mmoja ulikuwa umevunjika, labda tangu siku ordinateri ilipopakiwa kwenye kontena, labda kwenye barabara zetu. Kwa hiyo radiateri iliinama upande mmoja, na upande wa pili kulikuwa na uwazi ambao ungeweza kupitisha karatasi. Pasta iliyokuwa juu ya kofia ilikuwa imekauka na kupasukapasuka kama matope ya kiangazi. Katikati ya mabawa kulikuwa na mkeka wa vumbi jeusi, lile la lava ambalo tunalivuta sote tangu Juni mpaka Septemba. Vumbi lile feni ilikuwa inajaribu kupuliza, hewa haipiti.

Lakini kofia yenyewe, alipoipima mara baada ya kuzima, ilikuwa ya moto sana. Maana yake lehemu ya chini ilikuwa inafanya kazi yake, miaka kumi na miwili baada ya kutengenezwa. Inaleta joto mpaka mlangoni, na mlango umefungwa kwa nje. Kama tungeitii video, tungeyeyusha na kung'oa sehemu pekee iliyokuwa nzima katika njia yote ya joto.

Kijana aliomba angalau metali yake ya maji itumike juu ya kofia. Fundi akamwambia alete ile sindano, na alete mfuniko wa sufuria uliochakaa. Akaukwaruza mfuniko kwa msumari, akaweka tone moja, akalisugua, akauacha kwenye rafu mpaka kesho yake. Asubuhi kijana aliuchukua na kuukunja kwa vidole viwili. Ulimeguka. Metali ile ina galiumu ndani, na galiumu inaingia katika alumini na kuiharibu. Sufuria zetu ni alumini, na radiateri yetu pia. Tena inapitisha umeme, tone moja likidondoka kwenye ubao mama limemaliza kazi. Kwa shaba iliyopakwa nikeli haina shida kubwa, na wanaojua wanaitumia vizuri. Kijana amerudisha sindano kwa kaka yake. Mama wa jirani bado anadai mfuniko wake, ambao kumbe haukuwa umechakaa kama tulivyoambiwa.

Kazi iliyobaki ilichukua dakika 40. Mguu mpya ulitolewa kwenye radiateri ya zamani. Vumbi lilitolewa kwa brashi ya kupaka rangi. Pasta ya zamani ilifutwa kwa pombe, mpya ikawekwa kidogo, kama punje ya haragi. Fundi alidai franka 10,000, na kati ya hizo pasta ndiyo iliyokula sehemu kubwa. Jioni ile, kipindi kikiendelea, prosesa ilikuwa kwenye nyuzi 58. Haijapita 65 tangu hapo, na ninaandika haya wiki ya tano.

Kuna watakaosema nimemdharau kijana wetu. Hapana. Yeye sasa ndiye anayesafisha ordinateri za studio kila siku ya posho, na amefungua duka dogo la kusafisha za wengine. Anachokipenda ni vitu vya ndani kabisa, vilivyofichwa, na mtu wa namna hiyo mji unamhitaji. Lakini naona tabia hiyo kwetu sote, mimi nikiwa mmoja: kitu kikiharibika katika mkoa huu tunakimbilia maelezo ya mbali na ya ndani sana, kwa kuwa tumezoea kwamba sababu za mambo yetu ziko mbali. Mara nyingi ziko mbali kweli. Safari hii ilikuwa mguu wa plastiki.

Sauti ya baba wa Kitshanga ilipigwa siku ya pili baada ya matengenezo, mara mbili, mwanzo na mwisho wa kipindi. Anasema jina la binti yake, anataja gauni la kijani na kovu kwenye goti, halafu anamwita kwa jina la utani la nyumbani ambalo sitaliandika hapa. Siku tatu baadaye simu ilitoka Sake. Mama mmoja muuza ndizi alikuwa anakaa na msichana wa umri huo, jina hilohilo, aliyefika Januari pamoja na watu waliokimbia Kitshanga. Baba alipanda moto asubuhi ileile, tulimchangia nauli.

Hakuwa yeye. Msichana alimtazama, akatikisa kichwa, na baba akakaa chini kwenye jiwe kando ya meza ya ndizi. Kiisha akamuuliza msichana jina la baba yake, na kijiji, na wadogo zake. Aliandika yote kwenye kipande cha katoni kwa kalamu ya muuza ndizi, akatuletea studio jioni ileile. Sasa orodha ina wasichana wawili wenye jina moja. Wa Kitshanga anatafutwa na baba yake. Wa Sake anatafuta watu wake, na sauti inayopigwa ni ya kwake mwenyewe, kwa hiyo msishangae mkisikia mtoto badala ya mzazi.

Kipindi kinaendelea kila jioni isipokuwa siku ya yenga. Anayetaka kutangaza aje na maelezo haya: jina la mtoto, umri, kijiji na wilaya, mahali na mwezi mlipopotezana, mavazi, na alama yoyote mwilini. Ni bure. Mtu yeyote akikuomba pesa kwa jina la redio yetu, hata franka 500 za “kuwasha mashine”, tuletee habari. Na mpitie pia kwa watu wa Msalaba Mwekundu, kwa sababu wao wanaandikisha watoto na kuwafuatilia mpaka mahali ambako mawimbi yetu hayafiki. Wenye sauti zilizorekodiwa kabla ya mwezi wa saba hawana haja ya kurudia, zote zipo, katika nakala tatu. Moja iko kwa fundi.